Kampuni inazima seva, kamera na plagi zangu ni nzima: nifanye nini?

Swali: Miaka mitatu iliyopita nilinunua kamera ya usalama na plagi janja nne za kampuni moja. Mwezi huu nimepokea barua pepe kwamba huduma itafungwa baada ya siku 60 na programu ya simu haitafanya kazi tena. Vifaa vyenyewe havina kasoro yoyote. Je, siku hiyo ikifika vitakuwa vya kutupa? Kuna ninachoweza kufanya kabla? Na nikinunua vingine, nitajuaje kwamba havitaniishia hivi?

Jibu: Siku 60 zinatosha, mradi uanze leo. Karibu kila njia ya kuokoa vifaa vya aina hii inahitaji seva ya kampuni (kompyuta zake za mbali zinazoviongoza) iwe hai, hata kama ni kwa mara ya mwisho. Wengi hawapotezi vifaa vyao siku ya kufungwa kwa huduma. Huvipoteza wiki chache baadaye, wanapojaribu kurekebisha jambo dogo na kukuta hakuna seva ya kuwajibu.

Kwa hiyo kuanzia sasa: usiriseti kifaa chochote (yaani usikirudishe kwenye hali ya kiwandani), usifute programu kwenye simu, usitoke kwenye akaunti, na usibadili jina wala nywila ya waifai.

Sababu ni namna vifaa hivi vinavyosajiliwa. Plagi inapounganishwa mara ya kwanza, simu huipa jina na nywila ya waifai, kisha plagi huenda yenyewe kwenye seva kujitambulisha na kupewa ufunguo wa siri unaoifungamanisha na akaunti yako. Ufunguo huo hukaa ndani ya kumbukumbu ya plagi. Ukiriseti unafutika, na seva ikishazimwa hakuna wa kutoa mwingine. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya vifaa janja vya nyumbani, zilizimika bila taarifa. Swichi zao za ukutani ziliendelea kuwasiliana, kwa kuwa mfumo ule hupitisha amri kwenye nyaya za umeme na redio, si kwenye intaneti, na kitovu chao (kifaa cha kati kinachoziongoza swichi) bado kilipokea amri kutoka ndani ya nyumba. Onyo lililosambaa haraka miongoni mwa watumiaji lilikuwa kwamba kitovu kisiguswe kitufe cha kuriseti. Machi 2025 Chromecast (vifaa vya Google vya kurusha video kwenye televisheni) za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa sababu cheti cha kidijitali kilichowekwa ndani yake miaka 10 nyuma kilikuwa kimefika mwisho wa muda wake. Google iliwaomba watu wasiziriseti. Rekebisho lilikuja baada ya siku chache, na waliokuwa wamekwisha kuriseti ndio waliosumbuka zaidi kuziunganisha upya.

Ikitokea ukalazimika kubadilisha ruta, ipe ruta mpya jina lile lile na nywila ile ile, herufi kubwa na ndogo zikiwa vile vile, na uache masafa ya GHz 2.4 yakiwa wazi kwa usalama wa aina ya WPA2. Plagi na kamera nyingi za bei ya kawaida hazioni kabisa GHz 5, na nyingi za zamani hukataa mtandao uliowekwa WPA3 peke yake. Ukifanya hivyo vifaa havitajua kwamba ruta imebadilika.

Sasa upime unachokimiliki kweli. Chomoa kwenye ruta waya unaoleta intaneti kutoka nje lakini uiache ruta ikiwaka, ili waifai ya ndani iendelee. Kama ruta yako hutumia laini ya simu, zima data kwenye mipangilio yake au toa laini. Kisha zima data ya simu yako pia. Hapa wengi hujidanganya, kwa sababu simu ikiona waifai haina intaneti huhamia kimyakimya kwenye data, amri inapita kwenye seva, na mtu anaamini plagi inafanya kazi bila intaneti. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Funga programu kabisa, ifungue upya, jaribu kuwasha na kuzima kila plagi, na jaribu kutazama kamera.

Usiishie hapo. Subiri saa nzima ujaribu tena, kisha chomoa kifaa ukutani kwa sekunde kumi na ukirudishe huku intaneti ikiwa bado imekatwa. Vifaa vingi hufaulu mara ya kwanza na kufeli baada ya kuzimwa na kuwashwa, kwa sababu kila vinapowaka hutaka kwanza kuulizia saa na kuthibitisha ufunguo wao kwa seva. Kifaa cha namna hiyo kitaishi hadi umeme utakapokatika kwa mara ya kwanza. Jaribu pia ratiba: panga plagi ijiwashe baada ya dakika 20, chomoa waya wa intaneti baada ya dakika tano, na usubiri. Ikiwaka, ratiba imehifadhiwa ndani ya plagi. Isipowaka, ratiba hukaa kwenye seva na amri hutumwa kutoka huko kila siku.

Majaribio haya hayana hatari leo, kwa kuwa ukirudisha waya kila kitu hurudi kama kilivyokuwa. Mwezi ujao hali itakuwa tofauti.

Hata kama kifaa kinafaulu majaribio yote, programu yenyewe inaweza kukufungia nje kwa kukudai uingie kwenye akaunti ambayo haipo tena. Tafuta simu ya zamani, weka programu hiyo, ingia kwenye akaunti, kisha zima masasisho ya moja kwa moja ya programu hiyo. Iache simu hiyo iwe ya kuendeshea vifaa hivi tu.

Nianze na kamera, maana ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kuiokoa. Tafuta kwenye mipangilio yake maneno RTSP au ONVIF. ONVIF ni kiwango cha pamoja kinachoziwezesha kamera na mashine za kurekodi za kampuni tofauti kuelewana. RTSP ni itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ya kurusha video ndani ya mtandao bila kupitia kampuni yoyote, na mara nyingi huja ikiwa imezimwa, imefichwa kwenye mipangilio ya juu. Iwashe sasa na uipe jina la mtumiaji na nywila yake, tofauti na zile za akaunti. Nenda kwenye ruta uipangie kamera anwani ya IP isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Kisha kwenye kompyuta fungua VLC (programu ya kuchezea video), chagua kufungua mkondo wa mtandao, na uandike anwani ya namna hii: rtsp://jina:nywila@192.168.1.50:554/stream1. Namba 554 ndiyo lango la kawaida la RTSP. Sehemu ya mwisho baada ya mkwaju hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo itafute kwenye maelekezo ya modeli yako na uinakili mahali salama, kwani tovuti ya msaada nayo huenda ikatoweka pamoja na huduma. Ukiona picha kwenye VLC, kamera yako imepona. Kilichobaki ni kuipatia cha kurekodia, iwe mashine ya kurekodi kamera za IP au kompyuta yenye programu kama Frigate.

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Video ya 1080p kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula takriban GB 21.6 kwa siku. Memori kadi ya GB 128 itabeba karibu siku sita za kurekodi mfululizo kabla ya kuanza kufuta za zamani, na diski ya TB 1 itabeba siku 45 hivi. Kwa kurekodi mfululizo nunua kadi iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera. Kadi za kawaida huchakaa haraka zinapoandikwa usiku na mchana, na kufeli kwake huwa kimya: kamera inawaka, taa yake ni ya kijani, lakini siku unayohitaji picha unakuta kadi iliacha kuandika zamani.

Kamera isiyofika intaneti hupotewa na saa kila umeme unapokatika, na rekodi yenye tarehe ya uongo haifai kwa ushahidi. Kama mipangilio yake inaruhusu kuandika seva ya saa, elekeza kwenye anwani ya ruta, ikiwa ruta yako hutoa huduma hiyo, au kwenye mashine ya kurekodia. Baada ya hapo izuie kamera kwenye ruta isitoke nje kabisa. Kifaa kisichopata tena masasisho ya usalama hakipaswi kuonekana kwenye intaneti, na tafadhali usifungue lango la 554 kwa nje ili uitazame ukiwa safarini; kamera zilizoachwa wazi hivyo hutafutwa na kupatikana na watu usiowajua. Ukitaka kuiangalia ukiwa mbali, weka VPN (njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani) kama WireGuard kwenye ruta au kompyuta ya nyumbani na uingie kwa njia hiyo. Wengine hushauri kuviweka vifaa hivi kwenye mtandao wa wageni. Ushauri huo ni mzuri, ila mitandao mingi ya wageni huvitenga vifaa visionane, kwa hiyo hata simu yako haitaiona kamera ukiwa ndani.

Kama hakuna RTSP wala ONVIF, angalia kama kamera inarekodi kwenye memori kadi, itoe kadi na uisome kwenye kompyuta. Baadhi ya kamera huandika video zinazofunguka kila mahali, nyingine huzifunga kwa siri zisomwe na programu yao tu. Kamera za betri karibu zote hazina RTSP kwa sababu hulala ili kutunza chaji na huamshwa kupitia seva. Kama yako ni ya hivyo na kadi yake haisomeki, basi hakuna njia ya kuaminika ya kuiokoa, na ni heri ulijue hilo mapema kuliko kupoteza wiki sita ukihangaika nayo. Vyovyote iwavyo, pakua video zote unazozihitaji kutoka kwenye wingu wiki hii. Siku za mwisho watumiaji wote hupakua kwa pamoja na seva hulemewa.

Plagi zina nafasi nzuri zaidi. Katika hali mbaya kabisa bado zitabaki kuwa swichi za kitufe, maana kitufe cha pembeni kwa kawaida huendesha rilei (swichi ya ndani) moja kwa moja. Jambo dogo lenye faida kubwa: ingia kwenye mipangilio sasa uchague hali ya plagi umeme unaporudi, yaani iwake, izime, au irudie hali ya mwisho. Seva ikishazimwa hutaweza kulibadilisha, na plagi iliyoachwa kwenye hali ya kuzima itaiacha friji imezimwa kila umeme unaporudi.

Kwa kuendelea kuziendesha kwa simu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua ufunguo wa ndani. Plagi nyingi zinazouzwa kwa majina tofauti zimejengwa juu ya jukwaa moja la Tuya, na hizo hupokea amri ndani ya nyumba kwa mwenye ufunguo wa kila kifaa. Ufunguo hupatikana kwa akaunti ya wasanidi kwenye jukwaa hilo na zana kama TinyTuya, kisha ukauandika kwenye Home Assistant, programu ya bure ya kuendeshea vifaa vya nyumbani. Ufunguo huo hubadilika kila plagi inaposajiliwa upya, sababu nyingine ya kutoigusa riseti. Ukishaupata, rudia jaribio la kukata intaneti ukiendesha plagi kutoka Home Assistant na si kutoka programu ya kampuni. Kwa plagi za jina lingine, angalia kwanza kama kifaa kinakubali HomeKit, mfumo wa Apple wa kuendesha vifaa vya nyumbani. Belkin ilipotangaza mwisho wa huduma za Wemo, vifaa vyake janja vya nyumbani, kwa tarehe 31 Januari 2026, ilieleza kwamba vifaa vilivyounganishwa na HomeKit kabla ya tarehe hiyo vingeendelea kufanya kazi kupitia HomeKit. Aliyechelewa kwa siku moja hakuwa na njia hiyo.

Ya pili ni kuondoa programu ya kampuni ndani ya plagi na kuweka nyingine ya bure. Inategemea chipu. Zenye ESP8266 au ESP8285 hukubali Tasmota au ESPHome. Nyingi za miaka ya karibuni zina BK7231, ambazo huwekewa OpenBeken. Unahitaji adapta ya USB ya seriali ya volti 3.3, kwa sababu volti 5 huua chipu, na nyaya za 3V3, GND, TX na RX, TX ya upande mmoja ikienda kwenye RX ya upande wa pili. Kwa ESP, pini ya GPIO0 ishikizwe kwenye GND wakati wa kuwasha ili chipu ikubali kuandikwa. Kabla ya kuandika chochote, chukua nakala ya iliyomo: esptool.py read_flash 0 0x100000 nakala.bin, kwa kumbukumbu ya MB 1. Na hili lisikiwe vizuri: plagi iwe imechomolewa ukutani muda wote nyaya hizo zimeunganishwa. Ndani yake sehemu ya volti ndogo haijatenganishwa na umeme wa ukutani. Kuigusa ikiwa imechomekwa kunaweza kuua mtu, na kompyuta iliyounganishwa nayo huungua. Kama kifuniko kimegundishwa kiasi kwamba ni lazima ukivunje, acha. Plagi yenye ufa haifai kubeba umeme tena.

Usisahau pesa zako. Andika barua leo ukidai fidia, ukiambatisha risiti na namba ya kifaa, na utaje kama kiko ndani ya waranti. Makampuni hayafanani katika hili. Google ilipofunga Stadia, huduma yake ya michezo ya video, Januari 2023 ilirudisha pesa za vifaa na michezo iliyonunuliwa kwenye maduka yake, na ikatoa zana ya kuifungua kidhibiti cha mchezo kitumike kwa Bluetooth popote. Spotify ilizima Car Thing, kifaa chake cha muziki ndani ya gari, tarehe 9 Desemba 2024 na kuwarudishia waliokuwa na uthibitisho wa ununuzi. Humane, ambayo AI Pin yake (kifaa cha akili mnemba cha kubandika kwenye nguo) iliuzwa dola 699 pamoja na ada ya kila mwezi, ilizima seva tarehe 28 Februari 2025, miezi kumi tu tangu vifaa vianze kuwafikia watu, na waliorudishiwa ni wale waliokuwa bado ndani ya siku 90 za kurudisha bidhaa. Logitech mwaka 2017 ilitangaza kuizima Harmony Link, kifaa chake cha kuendeshea televisheni kwa simu, watumiaji wakapaza sauti, na ndani ya siku chache ikakubali kuwapa wote kifaa kipya bure. Malalamiko ya mapema huzaa matunda wakati kampuni ingali ipo na inajali jina lake.

Kuhusu kununua vingine, anza na swali la nani analipia seva. Kamera inayotuma GB 21 kwa siku kwenye wingu ni gharama isiyokoma kwa kampuni, na bei uliyolipa mara moja itakwisha tu. Hapo kampuni hubaki na njia mbili: ikutoze au ifunge. Wink iliwauzia watu vitovu bila ada, na Mei 2020 ikawaambia walipe dola 4.99 kwa mwezi la sivyo wapoteze huduma. Maneno ya maisha kwenye boksi nayo yasikutulize. Revolv, kitovu cha nyumba janja, kiliuzwa kama dola 300 pamoja na huduma ya maisha. Nest ikainunua kampuni Oktoba 2014, na tarehe 15 Mei 2016 kitovu kikazimwa, ingawa kilikuwa na redio zote za kuwasiliana na taa na swichi za ndani.

Ninachopendekeza ni kununua vifaa ambavyo havihitaji seva kwa kazi yao ya msingi. Kwa plagi, taa na vihisi, Zigbee, mawasiliano ya redio ya ndani ya nyumba, inafaa sana: adapta ya USB kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, programu ya Zigbee2MQTT au Home Assistant, basi. Vifaa vya kampuni kadhaa hukaa pamoja bila akaunti hata moja. Matter, kiwango cha pamoja cha vifaa janja kilichotoka Oktoba 2022, kimeundwa kuendeshwa ndani ya nyumba na ni chaguo zuri, ila usome kwa makini: alama ya Matter hukuhakikishia kuwasha na kuzima, si lazima vipengele vya ziada kama kupima matumizi ya umeme, ambavyo huweza kubaki kwenye programu ya kampuni. Kwa kamera, sharti liwe RTSP au ONVIF imetajwa kwenye karatasi ya sifa ya modeli hiyo hiyo. Usiridhike na kwamba kampuni hiyo ina modeli nyingine yenye nayo.

Tafuta pia muda wa msaada. Tangu 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inawataka watengenezaji wa vifaa vya intaneti watangaze muda wa chini wa kutoa masasisho ya usalama, na matangazo hayo yako kwenye tovuti zao, yanasomeka na mtu yeyote alipo. Modeli iliyobakiza miezi minane haifai hata kama bei imeshuka. Mara nyingi imeshuka kwa sababu hiyo. Lakini tofautisha: ahadi ya masasisho si ahadi kwamba seva itabaki hewani. Ukishanunua, fanya jaribio la kukata intaneti ndani ya siku za kurudisha bidhaa, boksi likiwa bado lipo.

Kwa kifaa utakachoamua kukiacha, amri yangu ya mwanzo inageuka. Futa kwanza video na akaunti yako ndani ya programu wakati seva bado inapokea maombi hayo, omba uthibitisho wa maandishi kwamba data imefutwa, toa memori kadi, kisha uriseti kifaa kabla ya kukipeleka kwenye mkusanyiko wa taka za elektroniki. Nywila ya waifai yako imehifadhiwa ndani yake, na atakayekiokota anaweza kuisoma.